Kiberiti cha pale kibandani

Jamani hili limenikaa rohoni tangu Jumatatu. Nje ya geti la shule ninayofundisha kuna kibanda, na kwenye waya wake kunaning'inia kiberiti cha gesi kimefungwa na uzi, mtu ananunua sigara moja anawasha hapohapo anaenda zake. Jioni nikiwa nangoja matatu nikamwona kijana wangu wa kidato cha pili, sweta ya shule kaikunja kaibana kwapani, akatoa shilingi 20 na mama akampa fegi na peremende. Hakusema anataka nini! Hiyo ndo iliniuma, yaani huyo hajaribu tena, huyo ni wa kila siku.

Na sheria Kenya tunayo tangu 2007, haitaki mtu wa chini ya miaka 18 auziwe, na haitaki sigara ziuzwe mojamoja, pakiti iwe na 10 au zaidi. Mimi naona hapo kwa mojamoja ndo penye shida yenyewe, maana hata ushuru ukipanda mtoto hanunui pakiti, ananunua moja na hela ya mandazi, bei haimgusi kabisa.

Marekani wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari waliovuta kila siku walikuwa karibu 29% mwaka 1976, ikafika 1997 bado ni kama robo yao, siku hizi hawafiki hata 2%. Si mahubiri tu yaliyowashusha, baada ya makubaliano ya 1998 kati ya majimbo na kampuni kubwa za sigara bei ilipanda mara moja na matangazo ya kuvutia watoto yakakatazwa.

Halafu kuna hivi vifuko vya nikotini, anakiweka chini ya mdomo anakaa nacho darasani, hakuna moshi hakuna harufu, ukimuuliza kama anavuta anakwambia havuti na wala hadanganyi.

Jana nikamwendea yule mama, nikaongea naye polepole tu. Akaniambia, "Mwalimu, nisipomuuzia mimi si atavuka barabara?" Nikavuka kwenda kuangalia. Kibanda cha ng'ambo nacho kina kiberiti, kimefungwa na kamba ya kiatu.