Nilinunua cheni mbili ili kupata moja

Sauti ilianzia Uthiru, nikipanda Waiyaki Way asubuhi ya baridi. Chaka-chaka-chaka, kama mtu anatikisa kopo la njugu nyuma ya rejeta. Nikikanyaga mafuta inapotea, nikiachilia inarudi. Nikazima redio, nikashusha kioo, nikajua mwezi huo hela za akiba zimeshapata mwenyewe. Ilikuwa cheni ya taimingi, ile inayounganisha krenki na kamshafti ili valvu zifunguke kwa wakati wake.

Gari lenyewe ni Datsun 160J niliyoachiwa na mjomba. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun za ukoo huohuo, na mjomba alikuwa akiisimulia hadithi hiyo utadhani yeye ndiye aliyekaa kiti cha kushoto akisoma ramani. Hiyo Datsun ilikuja na injini ya L16, sisi (cc) 1,600 hivi. Mimi nikaitoa nikaweka L20B ya familia hiyohiyo ya L, cc 1,952. Kichwa kikaenda kwa mashine kikachongwa milimita moja ili kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ipande. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini ya huku huvumilia kompresheni ambayo Mombasa ingeifanya igonge. Nikaongeza kamshafti kali (ile fito inayofungua valvu), springi ngumu za valvu na kabureta mbili za Weber. Cheni ya hiyo L20B niliiacha ileile ya zamani, maana pesa zilikuwa zimeishia kwenye kabureta.

Sasa, akili yangu ilinituma hivi: injini imeongezwa nguvu, basi na cheni iwe ya mashindano. Nilikesha na simu nikiangalia cheni za mbio za kuagiza Marekani na Australia. Naona bei, nafunga simu, naifungua tena. Mzee anayenitengenezea gari, pale Kariobangi Light Industries, alinisikiliza hadi mwisho huku akipuliza chai yake.

"Hiyo ya zamani imekatika?"

"Hapana, Mzee."

"Basi unanunua nguvu ya nini?"

Akanionyesha kwa kidole kwenye cheni kuukuu iliyokuwa benchini. Cheni ya injini hizi za L ilitoka kiwandani ikiwa na safu mbili, na ni nadra kukatika. Inachokufanyia ni kurefuka. Chuma chenyewe hakivutiki; kila pini inalika unywele mmoja, na pini ziko nyingi, ukijumlisha unapata cheni ndefu kuliko ilivyozaliwa. Oili chafu ndiyo huharakisha. Springi ngumu nazo huivuta zaidi kila valvu inapofunguliwa, lakini safu mbili zinaubeba mzigo huo bila shida, mradi pini ziwe za chuma kizuri na urefu uwe sawasawa.

Tukafungua kifuniko cha valvu. Kabla hajagusa boliti ya giya ya juu, ile ya kamshafti, Mzee alichukua kipande cha mbao alichokichonga kama kabari, akakishindilia katikati ya cheni kwa chini. Nikamwuliza cha nini, ilhali tunaitoa cheni yote. Akasema anataka kwanza kuangalia kitu bila kumwaga injini: ukilegeza giya bila kabari, kile kisukumizi cha kukaza cheni kinaruka nje ya shimo lake, na hakirudi mpaka ufungue kava yote ya mbele na boliti za sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nilinyamaza. Kichwa kilipokwenda kuchongwa nilikifungua mwenyewe, bila mbao, na nililipa Jumamosi mbili kwa ujuaji huo.

Alichotaka kuangalia ni alama mbili. Pistoni namba moja ikiwa juu kabisa, nyuma ya giya ya kamshafti kuna mfuo kwenye bamba, na giya ina kijipengo. Changu kilikuwa kimeuvuka mfuo kuelekea kushoto, maana yake kamshafti imechelewa. Sehemu ya kosa ni cheni iliyolika. Sehemu nyingine ni mimi: ukichonga kichwa, kamshafti inashuka karibu na krenki, cheni inabaki na ulegevu, na taimingi inarudi nyuma hata kama cheni imetoka dukani jana. Hata ile cheni ya mashindano ingefika kutoka ng'ambo ikakuta kasoro hiyo inaisubiri.

Nikaenda Grogan, kwenye maduka ya vipuri Nairobi. Duka la kwanza kijana hakuuliza hata gari gani, aliposikia L akaleta boksi. "Boss, L zote ni moja. Orijino." Nikalipa 4,500. Kariobangi tukazilaza sambamba juu ya gazeti, mpya na ya zamani, na hata mtoto angeona: mpya ilipungua kama viungo vinne. Bloki ya L20B ni ndefu kuliko ya L16 na L18 kwa takriban milimita 20, na cheni yake, kwa kuwa inapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, huwa ndefu kwa karibu mara mbili ya hapo. Kijana alikataa kunirudishia pesa, eti boksi limepakwa oili.

Safari ya pili nilibeba ya zamani kwenye mfuko wa unga. Katika duka la tatu mama mmoja aliniwekea mbili kaunta. "Hesabu tu mwanangu, hakuna anayekukimbiza." Nikahesabu viungo. Nikaishika kila moja kwa ubavu, ncha ikining'inia hewani: ya bei nafuu ilipinda kama mgomba uliozidiwa na mkungu, ya Japani ikanyooka. Nikazungusha roli kwa kucha, moja moja. Kwenye ile ya nafuu kulikuwa na tatu zilizokwama. Nikachukua ya Japani, pamoja na giya zote mbili, kwa sababu meno yaliyolika hula cheni mpya, kisukumizi, na zile reli za pembeni ambazo makanika huziita "gaidi". Hazijamteka mtu.

Mzee aliiloweka usiku kucha kwenye oili safi. Giya ya juu ina matundu matatu ya kufungia, kila moja huwahisha kamshafti takriban digrii 4 za krenki. Akaifunga kwenye la pili, alama zikakaa. Reli iliyopinda akaisogeza ndani mpaka kisukumizi kikatokeza kidogo tu. Tukazungusha krenki kwa spana mara mbili nzima, polepole, tukisikiliza kama kuna valvu inayogusa pistoni. Ndipo tukapiga stata.

Kimya. Yaani nilisikia kabureta zikivuta pumzi, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu nizifunge.

Kabari ya mbao nilimwomba Mzee, naiweka kwenye buti karibu na jeki. Ile cheni fupi ya 4,500 inaning'inia kwenye msumari gereji kwake, na kila mwenye L16 akipita Mzee humwambia kuna mali, aongee na mimi.