Hii ni Kusoma Gani?

Jumamosi, usiku

Kuna kijana wa Form Two amenuna, na mwenye kosa ni mimi. Asubuhi niliwasomea vijana maktabani riwaya ya upelelezi kwa sauti, dakika 20 hivi, mpaka pale mpelelezi anapopiga teke mlango, anaingia chumbani, shuka bado lina joto lakini mtu hayupo. Nikafunga kitabu. "Dada, huo ni uonevu," akasema. Nikamwonyesha mezani: hicho hapo, kachukue. Bahati mbaya nakala ni moja, na kabla hajainuka kabinti ka Form One kalishakitia kwapani kanaelekea kaunta kugongewa mhuri.

Ujanja huu sikuanza nao. Nilipojitolea kwenye maktaba ya mtaani kwetu, Jumamosi saa nne hadi saa saba, nilikuja na fomu. Jina la kitabu, mwandishi, wahusika wakuu, umejifunza nini. Nilizitoa kopi kwa hela yangu, nikajiona mtu wa maana. Wiki ya kwanza walikuja 20 na ushee. Wiki ya nne walikuwa watatu, na wawili kati yao walikuwa wanasubiri mvua ikatike. Fomu moja bado ninayo kwenye droo. Mtoto amesoma kitabu cha wezi wa dhahabu, watu wanakimbizana porini mwanzo mwisho, halafu kwenye "umejifunza nini" kaandika kwa mwandiko safi: Nimejifunza kuwa tusome kwa bidii. Humo ndani hakuna hata mmoja aliyesoma kwa bidii!

Simlaumu. Anajua swali linataka nini. Hadi darasa la saba, shule nyingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Akiingia Form One karibu kila kitu kinageuka Kiingereza, ukiacha somo la Kiswahili lenyewe, na kitabu, ambacho jana kilikuwa hadithi, leo ni mahali pa kuchekwa ukikosea kutamka. Riwaya ya Kiswahili inabaki ile ya kwenye orodha ya fasihi, nayo anaisoma huku akiwinda hoja: toa hoja tatu kwa kila kitabu. Ukimzoesha mtoto kula wali kwa kuhesabu punje, usishangae akisema hana njaa.

Tena maktaba zetu hazina mahali pa kumweka kijana wa umri huu. Upande wa watoto viti vidogo, magoti yanagonga meza. Upande wa wakubwa anatazamwa kama amekuja kuiba.

Fomu nilizichana. Nikawauliza wanataka nini, wakaangaliana kwanza kuona nani atathubutu. Majini. Mpira. Upelelezi. Mapenzi, alisema mmoja, akajificha nyuma ya mwenzake. Tukatandika mkeka kwenye kona ya magazeti, tukaacha kona nyingine kwa wanaotaka kimya, na sheria ikawa moja: kikikuchosha, kirudishe, hakuna atakayekuuliza. Huyu aliyenuna leo aliwahi kurudisha vitatu asubuhi moja, kila kimoja akikibwaga mezani kama sahani yenye uchafu. Cha nne hakukirudisha. Kilikaa kwake wiki tatu, kikarudi na doa la mafuta ya chapati ukurasa wa katikati. Mhudumu wa kaunta alitaka kumtoza faini. Nilimwomba aniachie, nikalifuta kwa tishu, halikutoka.

Na ni mama yake huyohuyo aliyenikaba mwezi uliopita. Alikuja saa saba kumfuata, akatukuta tumelala mkekani kwa kicheko. Akanivuta pembeni, kwa heshima zote: "Mdogo wangu, mimi huyu namtuma aje kusoma. Hii ni kusoma gani?"

Nilikosa jibu, maana Kiswahili chenyewe kiko upande wake. Kusoma ni kwenda shule. Msomi ni mwenye digrii. "Fulani kasoma" maana yake ana vyeti. Aliyemaliza riwaya 100 kibarazani, huyo hajasoma. Tuna neno kujisomea, lakini nalo limeshatekwa: njoo maktaba mwezi wa kumi, Form Four wakikaribia mtihani, hupati kiti, wote wanajisomea, na hakuna aliyegusa rafu. Wamekuja na madaftari yao na pepa za miaka ya nyuma. Kwetu wanafuata meza na feni tu. Rafu ya 896.392, namba ya fasihi ya Kiswahili, imelala na vumbi lake.

Ningemwambia kuhusu marehemu baba. Alinipeleka Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, ile ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na hakuchoka kutukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere aliifungua siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1967. Lakini kilichonifanya msomaji ni gazeti la udaku alilofungiwa maandazi, hadithi imekatwa penye utamu, chini imeandikwa "itaendelea". Wiki nzima nilimzungukia muuza maandazi kutafuta kipande kilichofuata. Hayo sikumwambia. Nilisema tu, "Mama, mwache aje, akishuka darasani nilaumu mimi." Akaniomba namba ya simu, nadhani ili apate pa kunilaumu.

Leo nimebandika manila ukutani kwa wanaosubiri ile nakala moja. Majina tisa, mnunaji ni wa nne. Kesho nikipita kwa wauza vitabu vya mtumba nitaulizia nakala ya pili, ingawa riwaya za zamani siku hizi wanaziuza kama dhahabu.

Nimeandika hadi hapa simu ikaita mlio wa ujumbe. "Dada samahani kwa usiku, yule jamaa alijificha uvunguni au alitoka dirishani?"

Namba ni ya mama yake. Sijajua anayeuliza ni nani kati yao, na sijamjibu.