Maoni ya wazee watatu wa baraza

Mwaka 2009, kwenye kikao cha Mahakama Kuu katika mji mmoja wa Usukumani, nilipangiwa kumtetea kijana aliyempiga bibi wa jirani kichwani kwa mchi wa kutwangia. Bibi alifariki siku ile ile. Kijana hakukana kupiga. Alisema alimkuta alfajiri mlangoni pake akinyunyiza dawa, muda mfupi baada ya kuzika mtoto, na mganga alikuwa ameshamtaja bibi huyo kwenye ramli. Shtaka lilikuwa kuua kwa kukusudia, ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Jaji akishamtia mtu hatiani kwa kosa hilo, hana nafasi ya kupima adhabu.

Wakati huo sheria ilimtaka jaji asikilize kesi ya aina hiyo pamoja na wazee wa baraza, yaani raia wanaokaa naye mahakamani na kumpa maoni yao, wasiopungua wawili. Sisi tulikuwa na watatu: mwalimu mstaafu, Muislamu, mama mmoja wa kanisa la Kipentekoste, na mkulima ambaye hakujinasibisha na dini yoyote. Jaji alimuuliza mshtakiwa kama ana pingamizi na yeyote kati yao. Hakuwa nalo. Hapo wakili huangalia undugu, ujirani na ugomvi wa zamani. Wazee hawakuulizwa wanaamini nini. Shahidi, kwa upande wake, huulizwa: dini yake huandikwa pamoja na jina, umri na kazi, kwa sababu Mkristo huapa, na asiye Mkristo huthibitisha. Hatua hiyo ikirukwa, ushahidi wake hauna thamani. Mganga alipoulizwa dini akajibu "mpagani", yule mama wa kanisa aliacha kuandika akamkazia macho.

Zamu ya wazee kuuliza ilipofika, mama alianza naye: "Unajua Mungu amekataza ramli, kwa nini ulimdanganya kijana wa watu?" Jaji alimkatiza kabla mganga hajafungua mdomo. Mzee wa baraza anaruhusiwa kumuuliza shahidi ili apate ufafanuzi. Kumbana kwa maswali ni kazi ya wakili wa upande wa pili. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mienendo ya kesi kwa sababu hiyo hiyo, zikaanza upya huku mashahidi wengine wamehama na wengine wamekufa.

Baada ya pande zote kufunga ushahidi, jaji aliwasomea wazee muhtasari. Aliwaeleza kwamba swali si kama uchawi upo. Tangu kesi ya Fabiano Kinene ya Uganda, mwaka 1941, imani ya uchawi inaweza kushusha kosa hadi kuua bila kukusudia iwapo marehemu alikuwa akifanya, mbele ya macho ya mshtakiwa, kitendo ambacho mtu wa kawaida wa jamii ile angekiona ni uchawi, na mshtakiwa akapandwa na hasira ghafla. Kesi ya Eria Galikuwa, 1951, iliufanya mlango huo kuwa mwembamba zaidi: woga peke yake hautoshi. Ukitoka kwa mganga, ukalala, ukaamka na panga, hiyo ni nia.

Kila mzee alitoa maoni yake kwa mdomo. Mwalimu alisema kijana hakukusudia, ila familia ya bibi iulizwe kama inasamehe au inataka fidia. Mama alisema ana hatia ya kukusudia, kwa kuwa amri ya sita inasema usiue na uchawi hauna nguvu kwa aliyeokoka. Mkulima alitaka aachiwe huru: "Mchawi ukimkuta mlangoni, nani atakulaumu?"

Nikiwapima leo, aliyekuwa mbali zaidi na sheria ni mama, ingawa wengi wangemwona ndiye mkali wa sheria. Alipima imani ya mshtakiwa kwa imani yake mwenyewe. Mkulima aliielewa imani ile, ila akaigeuza ruhusa ya kuua.

Jaji hakufungwa na maoni yao. Hukumu ilikuwa kuua bila kukusudia, karibu na alipofika mwalimu, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Maelezo ya onyo, yaani yale aliyoyatoa kijana baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yaliyochukuliwa polisi ndani ya saa nne tangu kukamatwa, tayari yalitaja dawa mlangoni, kwa hiyo haikuwa hadithi iliyotungwa rumande. Mpelelezi aliokota pale pale kitambaa chenye unga mweusi, kikapokelewa kama kielelezo. Mchi ulikuwa kando ya kinu, hakuufuata mbali. Pigo lilikuwa moja. Lingekosekana moja kati ya hayo, hasa lile la maelezo ya onyo, sidhani kama tungeponea.

Kwenye adhabu, ambayo kwa kosa hilo inaweza kufika kifungo cha maisha, niliwasilisha barua ya mchungaji kwamba kijana amebatizwa gerezani. Wakili wa serikali alisema kila mahabusu huokoka karibu na hukumu. Jaji aliipa barua uzito mdogo: toba ni jambo jema, alisema, lakini hana kipimo chake. Alichokipa uzito ni miaka aliyokwisha kaa rumande na kutokuwa na rekodi ya kosa. Upande wa pili wa mizani jaji aliweka vikongwe wa kanda ile wanaouawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, akasema adhabu nyepesi ingesomwa vijijini kama kibali. Akampa miaka minane. Hakuna upande uliokata rufaa.