Kupanda mikoko si fidia kama hori limezibwa

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Namba 3 ya 2015, inataka mradi wenye athari kubwa ufanyiwe tathmini kabla ya kujengwa, na ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, ndio wasimamizi. Utaratibu unajulikana: epuka madhara, usipoweza punguza, kinachobaki ndicho ukifidie. Shida huanza mwekezaji anaporukia la tatu na kuahidi miche elfu kumi ya mikoko. Kwa nafasi ya mita moja kwa moja, hiyo ni hekta moja tu.

Na itapandwa wapi? Aghalabu kwenye tope tupu upande wa bahari, kwa vile pale hapana mwenyewe. Mikoko huota kuanzia usawa wa kati wa bahari hadi yanapofika maji ya bamvua. Chini ya hapo mche hufunikwa na maji saa nyingi mno, ukafa. Tope lililokuwa tupu miaka yote lina sababu yake; tena huenda ni pale pale wanapookota chaza kina mama.

Kipimo rahisi: chukua mpira wa maji, ule fundi anaopimia usawa wa msingi. Tafuta mkoko ulio hai ulioota chini kabisa, upande wa bahari, katika msitu wenye afya wa karibu, kisha uhamishe usawa ule hadi eneo la kupanda. Likiwa chini ya hapo, wacha.

Kuna na suala la aina, maana mikoko ni miti ya namna nyingi. Mlilana hukaa mbele baharini, mkoko wenyewe (ule wa mbegu ndefu) kando ya mikondo, mkandaa nyuma yake, mchu hustahamili hata chumvi kali ya upande wa nchi kavu. Lakini hupandwa huo mkoko wenyewe kila pahala, kwa sababu mbegu yake ndefu unaichomeka tu kwenye tope, thuluthi yake. Ya mlilana ni ndogo, inataka kitalu, na kitalu kinataka pesa.

Linaloharibu zaidi, kwa maoni yangu, ni barabara ya kifusi inayokatiza hori, yaani mkono wa bahari unaoingia mikokoni. Kalvati, yaani njia ya maji chini ya barabara, likiwa dogo, au sakafu yake ikiwa juu ya kitako cha mkondo, maji ya nyuma hayatoki yote. Mikoko huoza mizizi ikafa imesimama. Pengine hayaingii kabisa, chumvi ikajikusanya ardhini. Mkondo ukifunguliwa na miti mama ikiwa karibu, mbegu huletwa na maji yenyewe, bila ya kupanda.

Basi mkiitwa kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kutoa maoni juu ya mradi, ulizeni mchoro wa makalvati na usawa wa sakafu zake. Na sharti la fidia lihesabu miche iliyo hai baada ya miaka mitatu, si iliyopandwa siku ya kupiga picha.