Ukali Umwangukie Nani

Leo mchana nimefungua faili za tovuti ya kwanza niliyolipwa kuijenga, nikakutana na mstari wa juu kabisa unaotangaza kwamba kurasa hizi zimeandikwa kwa toleo kali la XHTML 1.0, mojawapo ya lugha za kuandikia kurasa za wavuti. Mstari ule niliuandika kwa fahari. Wakati huo niliamini kwamba ukurasa wenye kosa haustahili kuonekana, na kwamba vivinjari vilivyowavumilia waandishi wazembe ndivyo vilivyoiharibu wavuti.

XHTML 1.0 ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2000, na nia yake ilikuwa njema: kuiweka HTML, lugha ya kawaida ya kurasa za wavuti, chini ya sheria za XML, lugha ya kupangia data, ambako kila tegi, yaani alama inayoonyesha sehemu ya waraka inapoanza na kuishia, ikifunguliwa sharti ifungwe. Sheria hizo hazina huruma, kwa kuwa programu ikikuta kosa la muundo hairuhusiwi kuendelea kuuchakata waraka kama kawaida. Wengi wetu hatukuwahi kuuonja ukali huo, maana seva zetu zilizituma kurasa hizo kwa utambulisho (maelezo ambayo seva humpa kivinjari kuhusu aina ya faili) wa HTML ya kawaida, na vivinjari vikazisoma kwa upole uleule wa siku zote. Kivinjari cha Internet Explorer, kilichokuwa kikitumiwa na watu wengi kuliko vyote, hakikuupokea utambulisho halisi wa XHTML hadi toleo la 9, mwaka 2011. Mimi niliipanga seva iutume utambulisho huo halisi kwa kila kivinjari kilichoweza kuupokea.

Siku chache baadaye mhariri wa tovuti alibandika tangazo lenye majina mawili yaliyounganishwa kwa alama ya &. Katika XML alama hiyo hufungua msimbo maalumu, na anayeitaka yenyewe hana budi kuandika &. Mhariri hakulijua hilo, wala kazi yake haikumdai alijue. Ukurasa mzima ukatoweka. Aliyeufungua kwa Firefox aliona kisanduku cha manjano chenye maandishi mekundu: hitilafu ya XML, namba ya mstari, namba ya safu, na kimshale kilichoonyesha mahali penye kosa. Namba zile zilikuwa sahihi kabisa, na hazikumfaa hata mmoja kati ya waliokuja kusoma tangazo. Adhabu iliwaangukia wasomaji, ambao hawakuwa wameandika hata herufi moja ya ukurasa ule.

Tangu hapo swali langu halikuwa tena kama viwango viwe vikali au vilegee, bali ukali huo umwangukie nani. Nilianza kupata jibu nilipofuatilia kazi ya WHATWG, kundi lililoundwa mwaka 2004 na watu wa Apple, Mozilla na Opera, watengenezaji wa vivinjari, baada ya W3C kukataa pendekezo la kuiendeleza HTML iliyokuwa ikitumika. W3C ilikuwa ikiandaa XHTML 2, ambayo haikuoana na kurasa zilizokwisha kuwepo. Mwaka 2006 Tim Berners-Lee mwenyewe, mvumbuzi wa wavuti, alikiri kwamba jaribio la kuihamisha dunia nzima kwenda XML kwa mkupuo halikufaulu, na mwaka 2009 kazi ya XHTML 2 ikasitishwa.

Kilichonivuta kwa WHATWG ni kwamba uvumilivu wenyewe waliuandikia sheria. Chukua mtu aliyeandika <b>moja <i>mbili</b> tatu</i> (b ni ya maandishi mazito, i ni ya mlazo), tegi zikapishana. Zamani kila kivinjari kilikisia kwa namna yake, na watengenezaji walilazimika kuchunguza wapinzani wao wanafanyaje. Sasa kiwango kinaeleza hatua kwa hatua: “mbili” liwe nene na la mlazo, “tatu” libaki la mlazo tu, na vivinjari vyote vifike hapo. Huo ni ukali mkubwa kuliko ule niliouabudu mimi, ila umewekwa mabegani mwa watu wachache wenye ujuzi na muda wa kuubeba. Kanuni za usanifu wa HTML zinasema bayana kwamba panapotokea mgongano, mtumiaji atangulie mbele ya mwandishi wa ukurasa, mwandishi mbele ya mtengenezaji wa kivinjari, mtengenezaji mbele ya mwandishi wa kiwango, na usafi wa nadharia uje mwisho.

Hata hivyo sijawa mtetezi wa kila ulegevu. Jumatatu nilikagua ukurasa ambao kitufe chake cha kutuma fomu kilikuwa div tupu, yaani kisanduku kisicho na maana yoyote maalumu, iliyopakwa rangi. Kwa kipanya kilifanya kazi vizuri, lakini anayetumia kibodi peke yake asingeweza kukifikia, na kisoma skrini hakikumwambia asiyeona kwamba pale pana kitufe. Kivinjari hakikulalamika, na aliyeujenga ukurasa aliondoka akidhani amemaliza kazi. Hapo uvumilivu ulimlinda mjenzi na kumwacha nje mtumiaji, na jambo hili linaniuma. Vivyo hivyo katika usalama: vivinjari vilivyokisia aina ya faili kwa kutazama yaliyomo viliwapa wadukuzi nafasi ya kupitisha msimbo uliojificha ndani ya faili iliyopakiwa kama picha, mpaka ikabidi seva ziwe na njia ya kuviambia viache kukisia.

Kwa hiyo ukaguzi wangu nimeuhamishia kwenye kompyuta yangu. Ukurasa wenye tegi isiyofungwa au kitufe cha bandia hautoki mpaka urekebishwe, na ukishatoka, kivinjari kiusome kwa upole wote kilio nao.

Mstari ule wa juu nimeufuta, nikaweka <!DOCTYPE html>, tangazo fupi la HTML ya leo. Nikipitia matangazo, nimeona kwamba mhariri yule, niliyemwagiza siku ile kwa sauti ya ukali aandike & kila mara, aliitii amri yangu hadi tangazo la mwisho. HTML ya leo inaihesabu & iliyoachiwa nafasi pande zote mbili, kama alivyoiandika yeye mara ya kwanza, kuwa ni sahihi.