Skani0047

Msimu wa korosho ukikaribia Oktoba, masjala yetu hapa Mtwara haipumui. Chama cha msingi hiki kinatafuta waraka wa magunia, kile kinataka muhtasari wa mkutano mkuu. Tangu korosho iingie kwenye stakabadhi ghalani, ule mfumo wa mkulima kuweka zao ghalani na kupewa risiti, msimu wa 2007/2008, karatasi zimekuwa zikizaana tu, na mimi ndiye wa kupanda kigoda na kushusha maboksi. Basi ofisi ilipoleta maktaba ya pamoja ya nyaraka, ile yenye akili unde, unaiuliza kwa Kiswahili nayo inakujibu kutoka kwenye mafaili yenu wenyewe, nilifurahi kuliko wote. Nikapewa skana na mwezi mmoja.

Wiki ya kwanza nilipakia kila kilichopita mbele yangu. Nafika saa kumi na mbili asubuhi mtandao ukiwa bado mwepesi, naburuta folda nzima, naenda zangu kunywa chai kwa mihogo. Nikirudi, alama za kijani zimejipanga.

Kisha msimamizi wa ghala akaiuliza maktaba kwa simu yake: makato ya kilo moja msimu huu ni shilingi ngapi? Jibu likaja papo hapo, limenyooka, na si la kweli. Bahati nzuri chini ya jibu huonekana jina la faili lilikotoka. Nikabonyeza: Skani0047. Kumbe ni rasimu ya bajeti ya misimu miwili nyuma, iliyokataliwa mkutanoni. Neno "rasimu" liliandikwa kwa penseli pembeni, skana haikulinasa.

"Mama, mashine imesoma ulichoipa," kijana wa kompyuta akaniambia. Niliudhika. Ila alikuwa na haki.

Nikaanza upya. Kabla ya kupakia, faili linapata jina linalojieleza: aina ya waraka, msimu, tarehe, na hali yake, yaani rasimu au imesainiwa. Rasimu nimezihamishia folda ambayo maktaba haiisomi. Toleo jipya likija, la zamani naliondoa, maana zikibaki zote mbili huwezi kujua jibu limechotwa wapi.

Kilichonichosha zaidi ni skani zenyewe. Karatasi iliyoskaniwa ni picha. Wewe unaona maneno, programu inaona madoa. Kuipima ni rahisi: pitisha kishale juu ya mstari kana kwamba unataka kuunakili. Maneno yasipogeuka bluu, hakuna kitu humo, mpaka upitishe kwanza programu ya kutambua maandishi. Na hiyo nayo ina visa vyake. Karatasi yenye kutu ya pini ilisomwa "80" ikawa "30", kwenye waraka wa uzito wa gunia! Sasa kila penye tarakimu nakagua kwa macho yangu.

Orodha za wakulima zenye namba za akaunti za benki sikuzipandisha kabisa kwenye folda ya wote. Kidogo zipite, maana zilikuwa boksi moja na nyaraka za mbegu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, kwa nini dereva aweze kuuliza maktaba mzee fulani ana akaunti gani?

Jambo jingine dogo: barua zetu huandika "viuatilifu", watu huuliza "dawa ya mikorosho". Mara nyingi maktaba inaelewa kuwa ni kitu kimoja, mara nyingine inakwama. Juu ya kila waraka wa pembejeo naongeza mstari mmoja wenye maneno ya watu: dawa, salfa, ubwiriunga (ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho).

Msimamizi wa ghala siku hizi hunipigia mara chache. Akipiga, ujue anatafuta kitu kilichomo kwenye kaunta buku za zamani, zile za mwandiko wa mkono ambao mashine imenyoosha mikono. Hizo nachapa mwenyewe, saa moja kila siku baada ya adhuhuri. Zimebaki nne, na moja imeliwa na mchwa kuanzia ukurasa wa tisa.