Maji kwanza: ninavyokagua gari dogo lililotumika

Gari langu la kwanza lilikuwa dogo, la petroli, lenye injini ya lita 1.3, na nililinunua likiwa limekwisha kupita mikononi mwa wamiliki wawili. Nilisikiliza mlio wa injini, nikatazama matairi, nikaliendesha mwendo mfupi, nikaridhika. Tangu hapo nimelitunza kwa miaka mingi na nimewasaidia ndugu na marafiki kukagua magari yao kabla ya kulipa, na sasa ukaguzi wangu huanzia kwingine kabisa. Natafuta maji: yale yanayotoka mahali yanapotakiwa kukaa, na yale yanayoingia mahali yasipotakiwa.

Kwa miezi kadhaa niliona maji katika tanki la akiba yakipungua kidogo kila wiki, nami nikawa najaziliza ya bomba na kuendelea na safari. Nilikosea mara mbili. Mfumo wa kupoozea injini umefungwa, kwa hiyo maji yake yakipungua kila wiki, yamepata njia ya kutokea. Tena maji matupu hayana dawa ya kuzuia kutu iliyomo katika kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoozea injini, hivyo njia nyembamba za rejeta huanza kuziba taratibu. Siku gari lilipochemsha, gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kati ya kichwa cha injini (hedi) na kiwiliwili chake (bloku), iliungua, na uvujaji ambao ungezibwa kwa kubadilisha mpira mmoja ukaishia kufunguliwa injini.

Sababu ya gasketi kuwa dhaifu kiasi hicho inafaa kueleweka. Katika injini nyingi silinda hedi ni ya aluminiamu ilhali bloku ni ya chuma cha kalibu, na aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma hicho inapopata joto. Joto likizidi, hedi hupinda, na gasketi iliyo katikati haiwezi tena kuziba. Hata mfuniko wa rejeta una kazi kubwa kuliko umbo lake: huzuia mgandamizo wa takriban ba 1, na kwa mgandamizo huo maji huchelewa kuchemka mpaka karibu nyuzi 120 za Selsiasi. Springi yake ikilegea, gari linaweza kuchemsha ingawa rejeta, feni na wota pampu vyote ni vizima.

Kwa hiyo namwomba muuzaji asiwashe gari kabla sijafika. Injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi, na pia mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, kwa kuwa maji yanayoruka huunguza vibaya. Injini ikiwa baridi natazama rangi ya maji, kwani wekundu wa kutu au mafuta yanayoelea ni dalili mbaya. Kisha naiwasha na kushika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla joto halijapanda, nashuku kwamba gesi za silinda zinaingia katika maji. Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili, ambao huweza kuwa dalili ya maji kuchanganyika na oili, unahitaji busara zaidi, kwa sababu gari linaloendeshwa safari fupi tupu huupata kutokana na unyevu wa kawaida. Ukikutwa kwenye kijiti cha kupimia oili pia, na ekzosi ikawa inatoa moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto, naacha kujadili bei.

Katika injini nyingi zenye mkanda wa taimingi, yaani ule unaoratibu mwendo wa valvu na pistoni, mkanda huohuo ndio unaozungusha wota pampu. Pampu ikivuja, kulanti huulowesha mkanda na kuuharibu, na mkanda ukikatika, valvu za injini nyingi hugongana na pistoni. Mkanda unapobadilishwa, pampu nayo ibadilishwe, maana kazi kubwa ni ile ya kufungua. Muuzaji asipoweza kuonyesha ni lini mkanda ulibadilishwa, nauhesabu kuwa haujabadilishwa.

Hitilafu nyingine hujitangaza zenyewe. Mlio wa kukatakata unaposokota usukani hadi mwisho huwa ni wa joini ya ekseli, moshi wa bluu ni wa oili inayoungua, na mtikisiko gari likiwa limesimama mara nyingi huwa ni wa plagi, koili au maunti (vishikizo vya mpira) za injini. Hizi hazinitishi sana.

Bodi ndiyo inayonitisha, kwa sababu vipuri vya injini hupatikana, lakini bati lililooza ndani ya vizingiti vya milango ni vigumu kulirudisha. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, ndiyo maana rangi huvimba malengelenge kabla tundu halijaonekana. Pale ninaposhuku puti, yaani lipu ya kuzibia mashimo ya bodi, napitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Ikikataa kushika mahali pamoja tu, chini ya rangi hapana bati la kutosha.

Halafu naweka kiganja chini ya zulia la mbele. Unyevu wenye harufu tamu, pamoja na ukungu wa mafutamafuta kwenye kioo, hutokana na rejeta ndogo ya hita inayovuja ndani ya gari. Yakiwa ni maji safi ya mvua, nachungulia chini ya waipa, ambako majani huziba mikondo na kuyaelekeza maji ndani, kwenye nyaya na vifaa vya umeme. Mwisho nainua tairi la akiba kwenye buti kuona kama kuna maji chini yake, kisha nazibua vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya kila mlango kwa kipande chembamba cha plastiki. Katika gari langu la kwanza, mlango wa nyuma ulitoa maji karibu kikombe kizima.